Moto wa Koko na Kitabu Kinene

Juma hili nimenunua riwaya nene hapa Beni, ya kuamsha ubongo, maana nimeanza kusahau nilikoweka funguo na wanangu wananicheka. Kabla sijafika mbali sikujua tena nani ni mtoto wa nani. Wewe pia, rafiki yangu, najua kuna kitabu ulichokikimbia. Mimi sikimbii, kwa sababu nililelewa na mwanamke aliyekimaliza kitabu kinene kuliko hiki, tena cha Kifaransa, lugha asiyoijua.

Tulikaa mji wa Butembo, hapahapa mashariki mwa Kongo, mtaa wa juu, kwenye baridi na mikalitusi. Bibi yangu, Koko tulivyomwita, hakuwa na mpinzani mbele ya mbabula, lile jiko letu la makaa. Maharagwe yake yalinukia mpaka barabarani, na wenye pikipiki walipunguza mwendo. Halafu akaanza kusahau. Chungu kiliungua, kikaungua tena, na siku moja pazia likashika moto. Baba mdogo, aliyetutunza sote, aliichukua mbabula akaifungia depo, chumba cha kuwekea mizigo.

«Mama, usiguse tena moto, sababu utatuchomea batoto.»

Koko hakulia. Alikaa mchana kutwa, mikono mapajani, na hilo liliniuma zaidi.

Jirani yetu, mwalimu aliyetumwa kutoka Kasai, ndiye aliyemwambia: «Akili ni sawa mukono, Mama. Kama haifanye kazi, inalegea.» Akamwazima riwaya yake, nene kama tofali, ambayo hata wanafunzi wake wakubwa waliiogopa. Koko akamwita baba mdogo.

«Huyu mutoto atanisomea. Siku ntakuelezea kitabu yote, utanirudishia moto yangu.»

«Sawa, Mama. Lakini yote, hein!»

Basi kila nikitoka shule, mvua ikipiga mabati na Koko akichambua maharagwe, nilisoma Kifaransa kwa kigugumizi, kisha nikamwelezea kwa Kiswahili. Tulikwama mapema. Majina ya wale Wazungu yalimteleza kama sabuni. Akaamua kuwapa majina yetu sisi Wanande, yale yanayofuata zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Kitabu kikawa familia ya kijijini kwetu, Masereka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka katikati, alipotokea kaka mkubwa ambaye hatukuwahi kuambiwa habari zake. Kumbe Mumbere wetu alikuwa Kambale! Koko akatupa ungo.

«Uyu muandishi hana haya! Juu ya nini alificha mukubwa?»

Nilidhani tutaacha, na kusema kweli nilifurahi kidogo. Akaokota maharagwe yake, akakaa sawasawa. «Rudilia ku mwanzo.» Tukarudi, tukawashusha ndugu wote ngazi moja.

Mvua zilikwisha, zikarudi. Jumapili moja baada ya kanisa, Koko alimketisha baba mdogo, akaanza kusimulia. Chai ikapoa. Alipofika kwenye mazishi ya baba wa wale ndugu, akakwama. Ni mwana gani aliyekataa kuja kuzika? Jina lilikuwa mdomoni mwangu, lakini Koko aliinua kiganja: «Uniache.» Akafumba macho, akaanzia juu.

«Mumbere alikuya. Kambale alikuya...» Akafumbua macho. «Kasereka!»

Akaendelea mpaka mwisho. Baba mdogo alitoka, akarudi na mbabula, akaiwasha mwenyewe. Jioni hiyo tulikula maharagwe yaliyozidi chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Mwalimu alihamishwa akaondoka na kitabu chake, na nyumba yetu sasa ni ghala la mfanyabiashara. Wanangu nimewazoeza kuitana kwa majina ya Kifaransa tu. Ukiwauliza nani kati yao ni Kasereka, wanatazamana. Hilo linanisikitisha, sifichi.

Usidhani kitabu kilimponya Koko. Kilimpa miaka michache ya moto wake. Baadaye akakisahau kitabu, akalisahau jiko, mwishowe akanisahau mimi. Nilikuwa mtu mzima nilipokwenda kumsalimu, akanitazama kama mgeni.

«We ni wa ngapi kuzaliwa?»

«Wa ine, Koko.»

Nilitaka kumtajia jina langu, lile la mvulana wa nne, nikajizuia, maana nilimjua. Akafumba macho, akaanza na mzaliwa wa kwanza, akashuka polepole, akanifikia.