Kogi na Udongo wa Mama

Juzi kwenye treni mzee mmoja mwenye kogi aliniambia mbwa hao, wafupi kama stuli, zamani walifugwa kuchunga ng'ombe kwa kuwang'ata visigino. Kumbe siku ile ya utotoni ng'ombe nilikuwa mimi. Kogi wa jirani yetu kule Mississauga, Kanada, alinikimbiza kwenye theluji, pumzi ikimnuka samaki, akanidaka kisigino. Meno sikuyajali, niliogopa mate. Madrasa walisema mate ya mbwa ni najisi, tuoshe mara saba, moja kwa udongo, na udongo wote nje ulikuwa umeganda. Nikajifungia bafuni na chungu cha maua cha mama, nikasugua mguu kwa udongo wake, sala ya magharibi ikikaribia.

Mama alipogonga, nikamwambia yote.

"Kakung'ata wapi?"

"Kwenye buti."

"Na hilo buti umelivulia wapi?"

Nikachungulia nyuma yake. Lilikuwa juu ya mswala wake.