Jasho Langu Kwenye Baiskeli ya Baba

Mwaka wa uhuru baba alinipa baiskeli yake. Alikuwa ameihangaikia miaka mingi kwenye kiwanda cha pamba, na sasa miguu ilikuwa imevimba, hawezi tena kukanyaga pedali. Mimi nilikuwa nimepata ukarani katika ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, huko Uvira. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka barua kwa machifu wa kando ya ziwa, hadi Makobola na kurudi.

"Minye sina kitu kingine cha kukupa," aliniambia. "Kinga ni hii. Uitunze."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Nilimwahidi, na nilikusudia kweli. Lakini tangu utotoni mwili wangu unatoka jasho kuliko wa watu wengine. Kwenye joto lile la ziwani, nikifika kwa chifu wa kwanza shati limeshalowa hadi mkanda, na matone yanadondoka kidevuni juu ya bomba na usukani. Haikupita miezi mitatu, kutu ikaanza kuchomoza, vidoa vyekundu kama upele.

Baba aliviona akiwa ameketi kwenye kigoda chake uani. Alipitisha kidole, akacheka.

"Weye, jasho yako iko na chumvi gani hii? Itakula kinga yote."

Akanifundisha: kila jioni nioshe kwa maji ya ziwa, nikaushe kwa tambara, halafu nipake mawese kidogo. Nikafanya hivyo. Vumbi la barabara likanasa kwenye mawese, likawa tope, na mashati yangu yakawa mekundu hata mkubwa wangu ofisini akanigombeza. Nikajaribu nta ya mshumaa. Jua la saa sita likaiyeyusha.

Mwisho fundi mmoja wa Kimanga akaniambia dawa ni kufunika. Alizungushia usukani kitambaa cha blanketi, juu yake akakaza vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kutoka mwisho huu hadi ule. Ulipendeza sana. Kutu haikuonekana tena, nami nikaacha kuosha sehemu ile.

"Na chini ya mpira?" baba aliuliza siku moja.

"Chini ni kukavu, baba."

Sikuwa nimetazama.

Kisha, mwaka wa nne wa uhuru, uasi dhidi ya serikali ukafika. Tulisikia kwamba waasi wanatafuta watu wa serikali, hata makarani wadogo. Mchana mmoja jirani alikuja mbio kutuambia kwamba jina langu limeulizwa sokoni. Nilimketisha baba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaweka mto chini yake, nikaanza kuisukuma kuelekea Kavimvira, tuvuke mpaka tuingie Burundi. Barabara ilijaa watu, vyungu, mbuzi, magodoro.

Tulikuwa tumeshavuka mto Mulongwe usukani ulipokatika. Ulilia kama kijiti kikavu. Baba akaanguka kwenye changarawe, nami nikabaki na kipande mkononi. Chini ya mpira chuma kilikuwa kimeliwa, chembamba kama jani, na blanketi lilikuwa limelowa maji ya rangi ya chai. Jasho langu la miaka yote lilikuwa limekaa mle ndani, limefungiwa.

Nilijaribu kufunga kile kipande kwa kamba ya mzigo. Kikateleza. Watu walipita, kila mmoja na mzigo wake. Basi nikaiacha baiskeli njiani, nikambeba baba mgongoni. Alikuwa mkubwa wa mwili kuliko mimi. Kila hatua chache nilisimama, na mikono yake ikawa inateleza shingoni mwangu kwa jasho.

Mbele kidogo, mama mmoja alikuwa akianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, mbele ya nyumba yake. Alitutazama, akakunjua mkeka bila kuulizwa.

"Niache hapa," baba alisema. "Wanatafuta weye, hawatafute minye."

"Siwezi, baba."

"Wakikukuta na minye, watatuua wote. Enda."

"Baba, nisamehe juu ya kinga."

"Enda, mutoto wangu."

Nikaenda.

Mpaka ukafungwa nyuma yangu. Kule ng'ambo, asubuhi kukiwa kweupe, niliona milima ya kwetu na mabati yaking'aa chini yake. Kila siku nilikwenda ufukweni kuwauliza waliovuka kwa mitumbwi. Hakuna aliyemjua mzee wa miguu iliyovimba. Miezi ilipita hivyo.

Jeshi la serikali lilipoukomboa mji nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Alinitambua kabla sijasalimu, na uso wake ukaniambia kabla ya mdomo. Baba alifariki wiki ya tatu, kwa kuhara. Walimzika nyuma ya nyumba.

Nilimuuliza kama alisema lolote juu ya baiskeli.

"Hapana. Kila asubuhi aliuliza kama umevuka."

"Nawe ulimjibu nini?"

"Nilisema ndiyo, ameonekana ng'ambo, mzima. Sikujua kitu, mwanangu. Nilisema tu, kila asubuhi."

Niliketi pale kwenye mkeka, yeye akarudi kugeuza ndagala wake juani.