Mpiga Chapa na Mashine Isiyopamba

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa wazima wote wawili, nilimfunga mke wangu vifungo vya gauni. Vilikuwa vitano. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, haviwezi tena kitu kidogo. Nilianzia chini kwenda juu, naye akasema, kama alivyosema kila siku, kwamba namfunga kama ninayekaza nati za geti. Nikamjibu kwamba nati hainung'uniki. Akacheka.

Tukanywa chai. Kikombe alikishika kwa viganja viwili. Kisha akaenda kwenye meza yake pale dirishani, akawasha kompyuta kwa kifundo cha mkono, akaniita.

"Fundi, njoo uhesabu."

Nikakaa kwenye kiti chake. Maikrofoni ilikuwa mezani juu ya mguu wake wa chuma, shingo imeinama kidogo kama kuku anayesikiliza. Pembeni kulikuwa na kisanduku cheusi, hakizidi kipande cha sabuni, chenye taa na kidude cha kuzungusha. Nikahesabu moja hadi kumi. Taa ikawaka kijani. Kwenye nane nilipaza sauti, ikawa nyekundu, akaniambia nipunguze, siiti mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Sasa sema," akasema.

Nikasema, kesho.

Hakunikaripia. Alisema tu, "Haya. Kesho." Nikatoka kwenda uani kwenye kazi yangu ya kuchomelea vyuma.

Miezi saba tulikuwa hivyo. Nahesabu moja hadi kumi, taa inawaka kijani, nasema kesho.

Alichotaka niseme nitakieleza. Kwanza nimseme yeye.

Alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini na minane alikaa kwenye chumba kimoja mkabala na mahakama, pamoja na mwanamke mwenye mashine ya kutoa nakala, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Fotokopi. Watu walikuja na shida zao mdomoni, mke wangu akaziweka kwenye karatasi. Maombi, mikataba, malalamiko. Mimi sikusoma hata darasa moja, kwa hiyo nilimwona kama mtu anayeshona nguo kwa uzi nisiouona.

Sifa yake ilikuwa kupamba. Siku moja nilimpelekea chakula, nikamkuta mtu amefura, anasema mwenye nyumba wake ni mbwa na mtoto wa mbwa, aandikiwe hivyo hivyo. Mke wangu akachapa, kisha akamsomea: "Mpangishaji wangu hanitendei kwa utu ambao kila mpangaji anautarajia." Yule mtu akatikisa kichwa taratibu. Akasema, "Eeh. Ndivyo hasa nilivyosema."

Ndipo yakaja maradhi ya viungo. Vidole vikaanza kupinda, kimoja baada ya kingine. Daktari akamwambia aache kuchapa. Alilia mara moja tu, jikoni, akageuza uso ukutani. Baada ya hapo akaanza kuuliza huku na huku, akaambiwa ipo programu inayoandika mtu anachosema.

Mwanzo ilimshinda. Alisema na kompyuta yenyewe, ikaandika upuuzi. Aliomba maji kwa niaba ya mtaa, karatasi ikatoka na maneno ambayo hayajasemwa na binadamu. Fundi wa kompyuta akaja, akatega sikio, akatuambia kwamba sikio la mashine ile liko tumboni mwake, na tumbo lenyewe lina feni na mvumo wa umeme, basi inasikia tumbo tu. Akaleta maikrofoni ya mezani na kile kisanduku. Alikiita kadi ya sauti ya nje. Sikio sasa linakaa nje ya tumbo. Akatuonya pia waya wake usichomekwe ukuta mmoja na mashine yangu ya kuchomelea, na mtu asishike grenda, ile ya kusagia chuma, wakati mama anasema.

Basi tukagawana siku. Mpaka saa nne asubuhi ni yake. Baada ya hapo ni yangu. Majirani wakasema mke wangu amenizima kama redio.

Ilimtii. Alifunga mlango, akasema na ile maikrofoni kama anayesema na mgeni mwenye heshima, na maneno yakajipanga. Hata haya nimeyasema humo humo. Nukta ametia mtu mwingine, maana mashine hiyo nukta haizijui.

Sasa nieleze alichokuwa akikitaka kwangu.

Tuna mtoto mmoja, binti. Kazi ya chuma alinifuata mwenyewe, sikumlazimisha. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Wateja walikuja kunitafuta mimi, wakaondoka wanamsifu yeye, nami nilifurahi na sikufurahi. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, tulikuwa na geti la kumaliza siku ileile. Tulikuwa na kinga za uso mbili za kusagia. Moja nzima. Nyingine kioo chake kilikuwa na ufa tangu Jumatatu, nami nilijua. Nilivaa ile nzima. Nikampa ile mbovu.

Gurudumu la grenda lilivunjika mkononi mwake. Kipande kikapita pale penye ufa. Jicho la kushoto likaharibika, halikupona.

Kabla majirani hawajafika niliitupa kinga kwenye shimo la taka. Walipofika niliwaambia ameivua kwa kuona joto. Nilimwambia hivyo daktari. Nilisema hivyo kila mahali, mpaka watu wakapata la kusema juu ya wasichana na kazi za kiume. Mke wangu alikuwa kwenye dirisha la jikoni, aliona yote tangu mwanzo. Mbele ya watu hakunikanusha.

Binti alikaa nasi miezi miwili, bandeji usoni. Akaniomba niseme kweli, mbele ya watu au hata mbele yake tu. Nikamwambia sikumpa kinga yoyote, aliichukua mwenyewe. Kesho yake nikakana hata hilo. Ndipo akafunga mzigo wake. Pale getini alimwambia mama yake amechoka na maneno ya mdomo, maana ya baba yake yanageuka kila siku. Anataka neno liandikwe, nalo liwe la baba mwenyewe. Mama asimwandikie, kwa sababu mama hupamba. Siku atakapolipata ndiyo siku atakayoingia geti hili.

Mke wangu alimwandikia barua zake mwenyewe. Binti alijibu mara moja: "Ya kwako ninayo, mama. Nangoja ya kwake."

Miaka kumi na miwili nilijificha hapo. Mtu akiniuliza nasema, kalamu siijui, mke wangu kakatazwa, nitafanyaje? Nilijifanya ni msiba ulionipata.

Mashine ilipofika, mke wangu aliitazama ikiandika siku mbili tatu, akaniita. Akanionyesha jinsi inavyoandika neno lililotoka, zuri au baya, bila kuliremba. Akasema watu husema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imefika miaka kumi na miwili, naona imefika ukutani. Akaniambia nikae nihesabu, apime sauti.

Nilihesabu vizuri kila siku.

Siku ile ya kesho ya mwisho, saa tano, nilikuwa nachomelea bawaba. Nikasikia kitu kimeanguka ndani. Nilidhani ni sufuria. Nikamaliza bawaba, ndipo nikaingia. Alikuwa sakafuni kando ya kiti, mdomo umekwenda upande mmoja, macho wazi, ananitazama.

Hospitali alikaa siku sita. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na dirisha lisilofunga vizuri. Nilikaa kwenye kigoda kando yake, nikamlisha uji kwa kijiko cha chai. Siku ya nne asubuhi, wauguzi wakiwa upande wa pili, nilimwambia. Nilianza na Jumatatu, nikaendelea na kinga mbili, shimo, daktari, majirani. Nilisema kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanijibu, polepole, kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Nilielewa kila neno.

Siku ya sita alfajiri akafariki.

Binti alikuja mazishini. Nilimwona mbali, amevaa miwani ya giza, amesimama na wanawake ng'ambo ya barabara. Alitupia udongo kaburi la mama yake, mkono ule ule mtulivu. Akapita mbele yangu. "Pole, baba," akasema. Nikamwambia, "Pole nawe, mwanangu." Watu walipoingia uani kwetu, yeye alibaki nje ya geti. Akapelekewa kiti, hakukikalia. Jioni akapanda basi.

Wiki tatu sikugusa grenda. Mchana niliweka kiti uani nikatazama geti. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba sasa naye atazeeka huko aliko, nami nitakufa huku, na neno lenyewe halijatoka. Na shahidi pekee nilikuwa nimeshamzika.

Nikaenda pale mkabala na mahakama kumwomba Dada Fotokopi aje aniwashie kompyuta. Alikuja asubuhi ya pili. Akafuta vumbi kwenye meza kwa ncha ya kitambaa chake, akabonyeza alipojua, akaniambia iko tayari. Aliuliza kama akae. Nikamwomba akae uani.

Nikahesabu. Taa ikawaka kijani kwenye moja. Nilifika kumi na hapakuwa na mtu wa kuniambia sasa sema.

Nje mtu alipita na toroli, nikangoja apite. Kisha nikasema.

Haikuchukua muda. Miaka kumi na miwili, na dakika mbili hazikutimia. Nilipomaliza nilimwita Dada Fotokopi anisomee, nijue imeandika nini. Akasimama nyuma yangu, akasoma:

"mimi baba yako nasema kwa mdomo wangu kinga ilikuwa na ufa tangu jumatatu nilijua nikavaa nzima nikakupa mbovu hukuivua nilisema uliivua nilidanganya daktari nilidanganya majirani nikaitupa shimoni mama yako aliona na mimi nilijua aliona jicho lako nimelitoa mimi kwa sababu ya geti la mtu sina la kujitetea"

Alisoma akisita kila mahali, maana hapakuwa na pa kupumzikia. Yeye naye alikuwa amesema mitaani, miaka yote ile, kwamba msichana yule aliivua kinga. Alikuwa ameyapata kwangu.

Akauliza kwa sauti ya chini kama atengeneze, kuna mahali mashine imekosea kosea. Nikamwambia aache. Akaichapa karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaandika anwani aliyoipata kwenye daftari la mke wangu. Aliondoka na bahasha mkononi. Hakuniaga. Mpaka leo tukikutana njiani huitikia salamu na kupita, na sina haki ya kumlaumu.

Siku kumi na moja zikapita. Ya kumi na mbili, asubuhi, komeo la geti likalia. Nilikuwa nafua shati. Niligeuka, nikamwona ameshaingia, amesimama palepale jicho lilipomtokea, mkoba begani. Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele za kando zimeanza mvi. Sikujua niende kwake au nibaki na shati mkononi, nikabaki.

Akasema, "Haina hata nukta moja."

Nikamwambia mashine haizijui.

"Nimeona." Akaikunjua karatasi, ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. "Nilipoifungua nilidhani ni ya kabla mama hajafa, nikatafuta alipotia mkono. Sikupaona."

Tuliingia ndani. Hakukaa kwenye kiti cha mama yake, alikishika tu mgongo. Akagusa ile maikrofoni, akauliza ndiyo hii, nikasema ndiyo. Nikapika chai. Aliniambia anafanya kazi kwenye ghala la vipuri, anapanga na kuhesabu, na kwamba vyuma hajagusa tena. Sikurudia kwa mdomo niliyoyakiri. Yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mezani kati yetu.

Kisha akaniuliza kama mama yake alikufa bila kusikia nikisema. Nikamwambia alisikia, hospitalini, siku ya nne. Uso wake ukabadilika. Akavua ile miwani. Akataka kujua mama alisema nini, neno kwa neno.

Nilitamani nimpunguzie, na nijipunguzie mwenyewe. Nikamwambia kama yalivyotoka:

"Usiniambie mimi, fundi, mimi niliona. Nilinyamaza ili nibaki na wewe. Mwambie mwanangu nilichagua vibaya."