Tetemeko Lililoogopa Watu

Cheka tu, nimestahili. Mafunzo yetu ya kuiga mizunguko ya matetemeko kwa kompyuta yalinifikisha Kisaka, nikafukia kifaa cha kupima mitetemo kando ya ukuta wa kanisa. Ghafla mstari kwenye skrini ukapanda! Nikakimbilia ndani kwa wanakwaya waliokuwa mazoezini: "Shikamooni mama zangu, njooni muone ardhi inatikisika!"

Wakaja. Mstari ukatulia. Waliporudi ndani, ukapanda tena. Nikawaita tena, ukatulia tena. Hivi ardhi nayo huona haya?

Nikamwita mkufunzi wetu, nikamwambia: "Mzunguko kamili huu! Ardhi inapumzika, inakusanya nguvu."

Mama mmoja wa kwaya, jasho likimtiririka, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sasa turudi tukaendelee kuruka, au bado unatuhitaji hapa?"