Pembe Chini

Baba alikuwa na watoto wanne, lakini ukimwuliza alikuwa anasema watatu. Mimi ndiye kifungua mimba, na mimi ndiye niliyekuwa nikirukwa. Siku karani wa kuhesabu watu alipofika kwetu, nilikuwa nimesimama pale pale na trei ya chai. "Niko na watatu," Baba akamwambia, akimwonyesha ndugu zangu wa kiume mmoja mmoja kwa kidole. Karani alinitazama, kisha akaitazama kalamu yake. Mama akacheka kile kicheko chake cha kufunikia mambo, akasema, "Mzee anapenda mzaha." Mzee hakupenda mzaha hata kidogo. Kwake, msichana alikuwa mgeni aliyechelewa kuaga. Sijui karani aliandika wangapi.

Baba alichunga ng'ombe wa watu katika ranchi upande wa Konza, na ng'ombe wake mwenyewe, kumi na mmoja, walikuwa nyumbani. Hao walikuwa na alama yake: mstari mmoja uliosimama, na juu yake pembe mbili. Chuma cha kuwapigia chapa kilitengenezwa na fundi wa majembe, na Baba alikihifadhi chini ya paa la ghala, mahali ambapo hata Mama hakuruhusiwa kugusa. Kazi yangu ilikuwa moto. Nilikusanya kuni na mavi makavu, nikapuliza mpaka macho yakawa mekundu, naye Baba akaja kuchukua chuma bila kunitazama. Ndama akilia, moshi wa manyoya unanuka, na pembe mbili zinabaki pajani zikiangalia juu. Akiuza ng'ombe, alimpiga tena kando ya ile alama ya kwanza, chuma kikiwa kimegeuzwa. Alijifunza hivyo kule ranchi. Pembe juu, huyu ni wangu. Pembe chini, huyu nimemuuza, na aliye naye asiitwe mwizi.

Nilipokuwa na miaka kama minane nilikunja mkono wa sweta, nikauweka mkono wangu karibu na moto na kumwomba anipige chapa na mimi. Sikuwa nacheza. Nilikuwa nimeona kwamba kila alichokipiga chapa alikijua kwa jina, alikitafuta kikipotea, na kikiugua hakulala. Akacheka. "Nani anapoteza moto kwa ng'ombe wa kuuza?" akasema kwa Kikamba, na ndugu zangu, ambao hata kufunga vifungo vya shati walikuwa hawajajua, wakacheka pamoja naye. Niliendelea kupuliza moto.

Nilikua, nikapata kazi ya kushona katika kiwanda kimoja huko Mavoko, miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuonekana kwa watu wa kawaida. Wasichana niliofanya nao kazi walikuwa na tatuu. Walijichora maua, na majina ya wanaume waliowaacha kabla kidonda hakijakauka. Niliwacheka, kisha nikaanza kuwaonea wivu. Mimi nilijua kitu cha kuchora ambacho hakingeniacha.

Aliyenichora alikuwa kinyozi mjini Machakos, nyuma ya pazia, na sindano tatu alizozifunga pamoja kwa uzi na kuzichemsha kwenye sufuria ya chai. Nilimchorea alama kwenye karatasi. Nikauweka mkono juu ya meza, kiganja chini.

"Sasa madam, hizi pembe ziangalie wapi?" akaniuliza. "Unataka uione wewe, ama ionwe na watu?"

"Mkono ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi niione mimi."

Akainua mabega, akaanza. Aliniuliza kwa heshima, na nikamjibu kwa kiburi, kwa hiyo siwezi kumlaumu. Uchungu ulikuwa mwingi kuliko nilivyofikiri, lakini nilikuwa na furaha, furaha ya kijinga ya mtu anayejipa zawadi na kujifanya amepewa. Kila siku kwenye cherehani niliutazama mkono ukisukuma kitambaa, pembe zimesimama sawasawa mbele yangu. Nilijiambia kwamba sasa atanihesabu. Angewezaje kuiona alama yake na kuiruka?

Nilikwenda nyumbani Desemba. Nilichagua siku hiyo makusudi, kwa sababu kulikuwa na ndama wa kupigwa chapa, na majirani wangekuja kusaidia kuwaangusha. Nilivaa blauzi ya mikono mifupi. Chuma kilikuwa motoni tayari, na Mama alikuwa akigawa sahani za muthokoi. Nikaenda mbele ya Baba, nikasimama na mikono chini, kama anavyosimama mtu mwenye adabu mbele ya mzazi.

Aliiona. Akanishika mkono, na sikumbuki kama alikuwa amewahi kunishika mkono kabla ya siku hiyo. Aliuvuta kidogo, akapangusa kwa kidole gumba kuona kama inafutika.

"Nani amekuandika hii?"

"Kinyozi, mjini. Ni alama yako, Baba."

"Naijua alama yangu. Nilikuuza lini?"

Sikuelewa. Kisha nikautazama mkono wangu jinsi ulivyoning'inia, kwa macho yake yeye. Pembe zilikuwa zinaangalia chini.

Amu yangu alikuwa wa kwanza kucheka. "Na mnunuzi amemwacha hapa kwa nini?"

"Alimfungua mdomo akaona meno," jirani mmoja akajibu, na watu wakashika mbavu. Hata Mama alicheka. Mama angecheka hata nyumba ikiungua, mradi Baba ndiye aliyeiwasha.

Nilijaribu kueleza. Nilisema kwamba nikiitazama mimi, pembe ziko juu, kwamba ni suala la mahali unaposimama. Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Ng'ombe hajisomi," akasema. "Mimi sikumuuza mtu. Lakini kama mtu amejiandika mwenyewe, mimi ni nani wa kumfuta?" Akauachilia mkono wangu, akachukua chuma, akarudi kwa ndama.

Tangu siku hiyo niliitwa Muuzwa. Ndugu zangu walilianza kama utani, kisha likawa jina. Watoto wao waliniita Shangazi Muuzwa kwa upendo, masikini, wakidhani ndivyo nilivyobatizwa. Mchumba hakuja, na Baba aliwahi kuwaambia wazee wenzake, mimi nikiwa jikoni nasikia, kwamba ng'ombe mwenye pembe chini asiye na mnunuzi ni mzigo kwa nyasi. Nilivaa mikono mirefu katika joto la Mavoko mwaka baada ya mwaka. Nilimchukia. Nilimpelekea blanketi na viatu, na bado nilimchukia.

Alipougua, zahanati ilimtundikia maji na kusema apelekwe Machakos mjini. Muuguzi alitaka kujua kama bado ana fahamu. Akamwuliza jina lake, akajibu. Akamwuliza ana watoto wangapi.

"Watatu."

"Akili iko sawa kabisa," muuguzi akasema, akaandika.

Hao watatu, mmoja aliendesha pikapu, mmoja akakaa naye mbele, na mmoja hakupatikana. Baba alilazwa nyuma juu ya godoro, kichwa mapajani mwa Mama. Hapakuwa na mahali pa kuangika chupa, kwa hiyo muuguzi alinipa mimi. "Shikilia juu, dada. Usiteremshe hata kidogo, damu itarudi kwenye mpira."

Nikapiga magoti kando yake, nikainua mkono. Pikapu ikaondoka, upepo ukaingia, mkono wa blauzi ukateremka hadi kwenye kiwiko. Baba alikuwa chali. Hakuwa na kitu kingine cha kutazama ila anga, chupa na mkono wangu.

Nilimwona akisoma. Macho yalipanda kwenye mstari, yakafika kwenye pembe, yakasimama. Kwa mkono ulioinuliwa hivyo, pembe zilikuwa juu, na alama ilikuwa ile ile iliyokuwa pajani mwa kila ng'ombe ambaye Baba aliwahi kumpenda. Alijua maana yake kuliko mtu yeyote aliye hai. Nilingoja. Nina umri wa kutosha na bado naona haya kukumbuka jinsi nilivyongoja.

"Teremsha mkono," akasema.

"Ni dawa, mzee," Mama akamwambia.

"Najua ni dawa. Ateremshe."

Sikuteremsha. Chupa ilikuwa bado nusu, na njia ilikuwa ndefu. Akageuza uso, lakini upande ule ulikuwa na tumbo la Mama tu, na baada ya muda shingo ikamchoka, akarudi chali. Akafumba macho. Nikainama karibu na sikio lake.

"Fungua macho, Baba," nikamwambia. "Muuguzi amesema usilale."

Muuguzi hakuwa amesema hivyo.