Rubani Aliyekosa Mazishi

Jumatatu asubuhi nilikuwa stendi ya Msamvu. Jirani yangu kwenye benchi, mama mmoja mwenye kitenge cheusi, alikuwa ameshika jarida la mambo ya ndege. Jaladani rubani alitabasamu kando ya ndege ndogo ya matajiri.

Kutoka kwenye basi la Dar akashuka mwanamume, shati jeupe limekunjamana.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Tumemzika juzi. Tulikungoja mpaka jioni."

Akaketi. "Bosi alikuwa na kikao Arusha. Alisema nisitoke uwanjani, anaweza kutaka kuruka saa yoyote."

"Kwa hiyo ulikuwa unarusha ndege?"

"Hapana. Siku tatu nimekaa kwenye kiti, namsubiri. Tumerudi Dar jana usiku."

"Hukumwambia umefiwa na mama?"

"Nilimwambia. Akanipa pole, akasema tutaondoka muda si mrefu."

Mama akamkabidhi jarida. "Wewe mwenyewe ulimletea mama yako. Alikuwa akiwaonyesha majirani, anawaambia mwanangu anaishi hivi."

Jamaa akalipokea. "Sikuwahi kumwambia vinginevyo," akasema.

Majarida hayo nimeyasoma kwenye vyumba vya kusubiria vya watu wakubwa. Yanaeleza hata ngozi iliyoshonewa viti vya abiria. Rubani anayesubiri hayumo, nadhani kwa sababu kusubiri hakupendezi pichani.

Basi la Mgeta likaanza kuita abiria. Mama akainuka, akamshika mkono kama anayemsaidia mgonjwa.

"Utakaa nasi siku ngapi?"

"Kesho asubuhi natakiwa uwanjani," akajibu, akiangalia chini.

 Mama alimpisha apande kwanza.