Mkwe Aliyemzidi Mama Umri

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpenzi wangu hamsini na moja, mama arobaini na saba. Naanza na miaka kwa sababu mama alianzia hapo.

"Mtu ambaye nilizaliwa tayari ameota meno ndiye aniite mama?" aliniuliza akikamua nguo. "Goti lake linajua mvua itanyesha lini."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa marafiki. Mpenzi wangu ana bucha soko la Burma, na mama hutoka mtaani kwetu Jericho kila Jumamosi kununua nyama kwake. Miaka yote hiyo walisalimiana kwa mikono na kutaniana. Sasa mama alikataa katakata mwanamume huyo aje nyumbani kujitambulisha.

Mimi huamini maandalizi. Kuandika nilijifunza mwenyewe kwa kamusi ya mtumba, na sentensi moja naweza kuifuta mara tano. Niliandika utetezi wetu kurasa tatu, nikaukariri, kisha Jumamosi nikaandamana na mama hadi Burma ili niutoe mbele yao wote wawili.

Kwetu mkoa wa Magharibi, mwanamume hamshiki mama mkwe mkono. Humpisha njia, wala hali chakula mbele yake. Nakiri sikuwa nimemwambia mpenzi wangu. Yeye ni mtu wa Murang'a, na niliogopa angeona mila zetu ni mzigo.

Mama alimnyooshea mkono kama kawaida. Mpenzi wangu hakuushika. Aliweka kisu chini, akavua kofia, akainamisha kichwa, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenzake wa buchani akaja kutupimia nyama.

Mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa kwenye foleni akacheka. "Mama, kumbe una mkwe na hutuambii?"

Baadaye nilijua kwamba mpenzi wangu alikuwa amemuuliza mzee huyo jinsi mama mkwe anavyoheshimiwa kwetu. Mimi nilishinda nikitafuta maneno ya kumshinda mama. Yeye, mbele ya wateja wake wote, alikubali kuwa mtoto wa mama. Kurasa zangu sikuzifungua, na hadi leo nikikumbuka ile kofia mkononi mwake namheshimu upya.

Tulipofika nyumbani, mama alisimama mlangoni.

"Mwambie aje Jumapili," alisema. "Alete wazee wake, kama kuna waliomzidi umri." Akatafuta ufunguo. "Mimi nitakula jikoni."